Mwaka Niliomwachia Leonsi Kosa Langu

Tulimzika Leonsi kijijini Kabungu, siku ya Jumamosi, udongo ukiwa bado umelowa kwa mvua ya asubuhi, na kabla jeneza halijafika chini nilikuwa nimeshawasikia watu wawili nyuma yangu wakimwita Mzee Mfuniko. Hawakuwa na ubaya. Mtu akifa akiwa amekula chumvi, msiba wake huruhusu utani, na jina hilo alikuwa nalo tangu alipohamia pale na jembe lake na watoto wake. Baadaye, tulipokaa kula, mwenyekiti wa kitongoji akavuta kiti karibu yangu na kuwaambia vijana waliokuwa wakigawa chakula, "Nyie mnamwona huyu mama? Ndiye yule fundi. Marehemu alifunga mfuniko wa tangi la petroli na mpira wa tyubu, gari ikamzimikia mlimani na mama mjamzito yuko nyuma. Hakuna fundi mjini aliyekuwa ameuona ugonjwa. Huyu ndiye aliuona!" Vijana wakacheka, mmoja akanipigia makofi na kuniongezea nyama. Niliitafuna ile nyama muda mrefu na haikushuka. Kisa alichosimulia mwenyekiti kilikuwa cha kweli chote isipokuwa mahali pamoja. Mpira ule niliukata mimi na kuufunga mimi, kwa mikono hii hii.

Nina gereji yangu Misunkumilo, hapa Mpanda, sasa, na vijana wanne. Gari likija linatetemeka, mmoja wao anachomeka kidude chini ya usukani, kinamwandikia namba ya ugonjwa, naye anaanza kufungua kabla mwenye gari hajamaliza kujieleza. Mimi nasimama pembeni nasikiliza. Wananicheka kwamba mama bado anaamini masikio. Hawajui kwamba masikio yangu yalifundishwa na woga, na woga wenyewe una mwaka wake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wenye mikono myeusi, na watu wa mjini wakaniita jasiri. Jasiri wapi! Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na mwaka ule mimi nilikuwa nakimbiza zangu kutwa. Niliogopa kuvunja nati. Niliogopa kuulizwa. Zaidi ya yote niliogopa siku ambayo gari litazima na mtu aseme, si mnaona, tulisema.

Gereji ilikuwa ya Mzee Pius, Mfipa mpole, mnene, aliyekuwa akizungumza polepole kana kwamba kila neno analitoa kwenye boksi na kulipangusa kwanza. Alinipa chumba kilichokuwa stoo ya vipuri. Nililala kati ya rejeta kuukuu na mafungu ya waya, na harufu ya petroli ilikuwa imeingia hadi kwenye mto. Nje ya dirisha mke wake alikuwa akianika migebuka kwenye wavu, kwa hiyo mpaka leo nikisikia harufu ya samaki mkavu naikumbuka kabureta. Ukuta ulikuwa wa mabati. Kila kilichosemwa kwenye benchi la wateja nilikisikia kama nimeketi nao. "Hii gari yangu kashika nani? Yule binti?" Kisha kimya, kisha kicheko kidogo, kisha Mzee Pius akijibu, "Kashika fundi." Nilikuwa nakula ugali wangu na migebuka nikiwa nimesimama, tayari kutoka, kwa sababu kila gari lililopita barabarani likikohoa nilidhani linarudi kwangu.

Mzee Pius alikuwa na mafundisho machache na hakuyabadilisha. Injini inataka vitu vitatu, alisema, moto, mafuta na hewa. Ikimisi, yaani ikiruka mapigo, kimoja hakipo au kimechelewa. Alinionyesha jinsi ya kuiacha injini ingurume taratibu na kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa na mlio ukaharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, irudishie waya wake na uombe radhi. Ukichomoa na mlio usibadilike, hiyo ndiyo iliyolala. Kisha unaifungua plagi na kuitazama usoni. Yenye rangi ya ugali wa ulezi ni nzima. Nyeusi yenye masizi inashiba mafuta kupita kiasi. Nyeupe ina njaa. Na alikuwa na sheria moja ambayo nadhani haikuwepo gereji nyingine yoyote pale Mpanda: fundi aliyesema gari limepona ndiye anayepanda kwenye safari yake ya kwanza, mpaka mwisho wa safari hiyo. Mwenye gari akienda Mwese, kule milimani, unakwenda Mwese. "Daktari anakunywa dawa yake," alikuwa akisema. Wateja walimpenda kwa sababu hiyo, na mimi niliichukia sheria ile kuliko kitu chochote.

Pikapu nyeupe ilikuja mwanzo wa masika. Ilikuwa mali ya Masanja, mfanyabiashara wa maharage, na dereva wake alikuwa Leonsi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mashavu ya kuchekacheka, anayeishi kule kule Mwese, kwenye nyumba ya Masanja, na mke wake na watoto. Ndiyo gari pekee lililokuwa likilala kule milimani, kwa hiyo lilibeba maharage na pia lilibeba wagonjwa. Siku hiyo Mzee Pius alikuwa Sumbawanga kwenye msiba, na angerudi baada ya mwezi. Leonsi alifungua boneti akaniambia, "Dada fundi, hii gari inamisi. Inakwenda kama mtu mwenye kwikwi." Nilichomoa waya wa kwanza, mlio ukaharibika. Wa pili, ukaharibika. Wa tatu, hakuna kitu. Plagi ya tatu ilikuwa imelowa, na nilipofungua kabureta nikakuta chini yake matone ya maji yamekaa peke yake chini ya petroli, yanang'aa. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye mfuniko wa tangi, ambao ulikuwa umelegea na mvua ya Mwese haina huruma. Nilimwaga tangi, nikasafisha kila kitu, nikaweka plagi mpya. Injini ikatulia mpaka nikasikia kuku wa Mama Pius wakiparura.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza kazi yangu vizuri. Lakini nilikuwa nimefurahi, na mtu mwoga akifurahi huwa hatari. Ukutani palikuwa pametundikwa tyubu ya trekta. Nilikata duara, nikalipachika ndani ya mfuniko, nikaukaza mfuniko mpaka ukalia. Leonsi aliujaribu kwa mkono, akashindwa kuusogeza, akacheka. "Sasa hata gharika haiingii," alisema. Sikujua, au nilijua chuoni na nikasahau kwa furaha, kwamba mfuniko ule una tundu dogo la kuvutia pumzi. Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Mimi nilikuwa nimeliziba tangi pua na mdomo. Kisha tukaondoka kwa safari ya kwanza, mimi nimekaa mbele kama sheria inavyosema, na tulipoikaribia milima, barabara ikaanza kuning'inia pembeni mwa makorongo, nikamwambia Leonsi gari liko salama, anishushe, nitarudi na pikipiki. Alinitazama. "Mzee Pius anasema mpaka mwisho," alisema. Nikasema Mzee Pius hayupo. Nikashuka. Kama ningekaa kwenye kiti kile nusu saa zaidi, kila kitu kingejulikana siku ile ile, na Leonsi angezikwa na jina lake.

Wiki ya pili alirudi. Gari, alisema, linakwenda vizuri karibu saa nzima, halafu kwenye mlima linaanza kukosa nguvu, linakohoa, linarukaruka, linazima. Anashuka, anapumzika, anapima mafuta kwa kijiti, analiwasha, linawaka kama halijawahi kuumwa. Nililingurumisha gerejini asubuhi nzima na halikumisi hata mara moja. Nilifungua plagi, zote nne zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zinaniambia njaa, njaa, njaa, nami nikadhani ni plagi mbovu nikabadilisha. Wiki iliyofuata akarudi. Nikabadilisha waya. Akarudi. Nikabadilisha koili, nikasafisha pointi, nikamwambia liko sawa. Nilianza kutambua mlio wa pikapu ile tangu inapopinda kona ya mbali. Usiku sikuogopa kitu. Nilikuwa naogopa mchana, saa nne asubuhi, saa ambayo magari ya mbali hufika.

Siku moja nilikuwa nakunywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha mama ntilie, nimegeuzia watu mgongo, nikawasikia wapakiaji mizigo wawili. "Pale kwenye ile kona pana kaburi la zamani," mmoja alisema, "gari haipiti bila kusimama kusalimia." Mwenzake akasema, "Kaburi gani! Mbona gari za wengine zinapita? Ile imeshikwa na mwanamke. Injini haitaki." Mama ntilie akawaambia wanyamaze, mwenyewe yuko pale. Hawakuona hata aibu. Yule wa pili akanigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, dada, lakini shemeji yangu anategemea kujifungua kule Mwese mwezi ujao. Hiyo gari ikizimika na yeye ndani, itakuwaje?" Niliacha chai nusu. Mpaka siku ile nilikuwa nimeogopa aibu tu, na pale kwenye benchi ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kufa.

Mzee Pius aliporudi alinisikiliza nikimweleza plagi, waya, koili. Mfuniko sikuutaja, kwa sababu nilikuwa nimeshausahau, na kushuka njiani sikukutaja kwa sababu nilikumbuka vizuri. Aliendelea kukwangua udongo kwenye spana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwishowe, na moyo ukanipasuka nikidhani amejua. Kumbe alikuwa anasema gari. "Hii inaficha maradhi yake ikifika hapa. Ugonjwa ukikataa kuja gereji, wewe ndiye unaufuata. Kesho unapanda mpaka Mwese, na unarudi nayo." Nikasema sawa, mzee. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kitanda na viatu vyangu, nikitazama cheti kwenye bahasha yake.

Tulipanda kesho yake na gari halikuzima. Leonsi alisimama mara nyingi kushusha watu na mara mbili kuongeza petroli kutoka kwenye dumu, na leo najua kwamba kila alipofungua mfuniko tangi lilikuwa linavuta pumzi. Wakati ule nilidhani ugonjwa unanikejeli. Tulifika jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, na mke wake, Mama Anjela, akanikaribisha jikoni kwake. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo chenye moshi mzuri wa kuni kavu, na chungu cha maharage yaliyochanganywa na ndizi kilikuwa kikichemka polepole. Alinipa kigoda, akanipakulia sahani ya kwanza, akaniuliza kama ni kweli nalala kwenye vyuma. Nilipokwenda kunawa nyuma ya nyumba niliwasikia ukutani. "Na wewe unamwamini huyo binti?" mke aliuliza. "Namwamini." "Leonsi, wewe una watoto. Ukipinduka kule?" "Anasikiliza sana," alisema Leonsi. "Hajakata tamaa na gari. Mwingine angeshasema nikalitupe." Maji yalinitiririka kwenye viwiko na sikuyafuta. Nilikuwa nimedhani dunia nzima inaniona mwongo, na huyu mmoja aliyekuwa akihatarisha shingo yake kila wiki alikuwa ananitetea jikoni kwake.

Asubuhi, kabla hatujamaliza chai, tuliona watu wanakuja kwa mbio ndogo kwenye njia ya mashambani, wamebeba machela ya miti na mablanketi. Juu yake alikuwa Evelina, yule shemeji wa mpakiaji, na uchungu wake ulikuwa umeanza tangu siku iliyopita na mtoto hashuki. Mkunga wa kijiji alisema neno moja tu, hospitali. Nilimvuta Leonsi pembeni nikamwambia gari halifai, tutafute lingine. "Lingine lipi, dada?" aliniuliza, na hakuuliza kwa ukali. Pikipiki isingeweza kumbeba. Tukatandika magunia na godoro nyuma, Evelina akalazwa, mama mkwe wake akakaa amempakata kichwa, na mimi nikasema nitakaa nao nyuma. Nilisema hivyo ili niisikie injini vizuri. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa mbele nikaiona barabara.

Karibu saa nzima injini ilinguruma vizuri. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye bati nahesabu mapigo, moja, tatu, nne, mbili, moja, tatu, nne, mbili, jinsi silinda zinavyopokezana moto, na mama mkwe alidhani nasali akaanza kusali na mimi kwa Kirundi, lugha ya kwao. Tuliposhika mlima wa mwisho mrefu, korongo likiwa upande wangu, pigo moja likakosekana. Likarudi. Yakakosekana mawili. Gari likatikisika, Evelina akapiga kelele, Leonsi akashusha gia, injini ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Tukaanza kurudi nyuma. Ni hatua chache tu, breki ilishika na nikaruka chini kusukumia jiwe chini ya tairi, lakini ule mwendo wa kurudi nyuma upo mwilini mwangu mpaka leo. Nikisimama kwenye foleni mjini na gari la mbele likirudi kidogo, jasho linanitoka.

"Mana yanje, Mana yanje," mama mkwe alikuwa akimwita Mungu, na blanketi chini ya Evelina lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Nilifungua boneti. Niliegemea bampa. Moto, mafuta, hewa. Nilichomoa plagi moja, nikaishikiza kwenye chuma, Leonsi akapiga stata, cheche ikaruka ya buluu, nzuri. Moto upo. Filta ya hewa nilikuwa nimeisafisha jana. Ndipo nikatazama ile filta ndogo ya plastiki ya mafuta, ambayo gerejini siku zote ilikuwa imejaa. Ilikuwa tupu. Nikapiga kelele, "Mafuta yameisha!" Leonsi akakataa, "Hapana, nusu tangi!" Akakimbia na kijiti chake kwenda kupima, akaushika mfuniko, akapambana nao mpaka ukaachia, na tangi likavuta hewa kwa nguvu, mluzi mrefu, tena mrefu, jinsi mtu anavyovuta pumzi akitolewa majini.

Nilisimama pale. Sikuhitaji kufikiri. Leonsi alikuwa amesimama na mfuniko mkononi, duara langu jeusi likiwa ndani yake, na tukatazamana. Nilimnyang'anya, nikalichokonoa lile duara kwa bisibisi, nikarudisha mfuniko mtupu. "Piga," nikamwambia. Filta ikajaa mbele ya macho yangu. Injini ikawaka na haikukosa pigo mpaka mlango wa hospitali. Njia nzima nilimshika Evelina mkono, nikisema usife, usife, nilisema kwa sauti, na sikuwa namwombea yeye tu. Nilikuwa najiombea nisiwe nimeua. Alipasuliwa mchana ule. Mtoto alitoka wa rangi ya majivu, wakamhangaikia, akalia. Muuguzi alitoka akatuambia wote wawili wapo hai, na akatuuliza kwa hasira tulikuwa tunazembea wapi muda wote ule.

Tulipofika gereji Masanja alikuwa anatusubiri, na pamoja naye shemeji yake Evelina na watu kama kumi. Habari ilikuwa imetutangulia. Masanja hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nini kilikuwa?" Nilitoa lile duara mfukoni, nikalishika kwenye kiganja. Nataka niseme kwamba nilikuwa najiandaa kusema. Miaka yote nimejiambia hivyo, kwamba nilihitaji pumzi moja tu zaidi. Sijui. Leonsi alisema, "Ni mimi, bosi. Mvua ilikuwa inaingia kwenye tangi, nikaziba mfuniko na mpira. Sikujua kama linahitaji hewa. Fundi ndiye kaona." Masanja akanyoosha mkono akachukua funguo zake. Yule mpakiaji akamtukana Leonsi matusi ambayo sitayaandika, kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Nikamwachia mkono wangu aushike. Mzee Pius alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua duara kutoka kwenye kiganja changu, akatembea polepole mpaka kwenye ile tyubu ya trekta ukutani, akaliweka juu ya tundu lake, likaenea sawasawa. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka na hakuna mwingine aliyeona. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaingia ndani kunywa chai. Hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Nilimfuata Leonsi kesho yake stendi, akisubiri usafiri wa kurudi kwake kuchukua familia. Nikamwambia nitakwenda kwa Masanja kueleza. Akatikisa kichwa. "Wewe ukifukuzwa, hakuna atakayekupa spana tena mji huu. Watasema mwanamke, basi. Mimi nina jembe." Nikasema lakini si haki. Akacheka na mashavu yake. "Nilikuona siku ile ukikata. Nilikusifia. Kwa hiyo tuligawana." Nilipaswa kukataa. Niliondoka stendi nikiwa mwepesi, na wepesi ule ndio ninaouonea haya kuliko yote, kwa sababu nilikwenda moja kwa moja kununua sambusa na kuila yote kwa hamu. Kuanzia wiki ile wateja walikuwa wanauliza, yule binti yupo? Nilijenga jina juu ya mluzi ule. Kila gari nililotengeneza nilipanda mpaka mwisho wa safari, hata la kwenda Karema kule ziwani, na watu wakasema uaminifu gani huu. Leonsi hakuendesha gari la mtu tena. Alihamia Kabungu, akalima mahindi na karanga, nami nilikuwa nakwenda kumsalimia kwa mwaka mara moja au mbili, nimebeba sukari.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya mazishi niliweka sahani chini, nikamshukuru mwenyekiti, nikaenda jikoni kwa Mama Anjela. Alikuwa amekaa peke yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anachambua mchele wa kesho kwenye ungo. Amezeeka, amekuwa mdogo. Nilikaa kwenye kigoda na kusema kabla sijapata nafasi ya kuogopa vizuri. "Mama Anjela, ule mpira haukuwa wa Leonsi. Niliufunga mimi."

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele. "Mpira upi?"

"Wa mfuniko. Alisema ni yeye. Mimi nikanyamaza."

Alishusha ungo magotini. Nje walikuwa wanakunja maturubai. "Ulikuja kwenye harusi ya Anjela," alisema. "Ulikaa meza ya mbele."

"Nilikuja."

"Mimi nilikuwa namwita mzembe," alisema. Hakupandisha sauti. "Mvua ikichelewa, mzembe ndiye aliyetutoa Mwese. Mtoto akikosa sare, mzembe. Yeye anacheka tu. Wiki iliyopita kitandani kikombe kimemdondoka, nikamwambia, hata kikombe, we mzembe? Akacheka. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho aliyoyasikia vizuri." Akaanza tena kuchambua mchele, akitupa chuya chini moja moja, na akatupa na mchele mzima. Nilipiga magoti nimshike. Akanizuia kwa kiganja.

"Usinililie hapa. Mimi nimeshasikia. Watoto wake wote wapo hapo nje, na wao wamekua wakisikia ninavyomwita. Nenda kawaambie kabla hawajatawanyika."

Nikamwambia naogopa. Nilimwambia hivyo hivyo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kwamba naogopa kuliko kule mlimani.

"Ogopa," alisema Mama Anjela, "lakini nenda."

Nilitoka. Anjela aliniona mlangoni, akainuka haraka kunipisha kiti chake. Nikamwambia akae, nitasimama.